Unga wa Maganda ya Vitunguu

Kwa miezi saba Mwanakombo alichemsha na kuchuja maganda ya vitunguu aliyookota sokoni, hadi akapata unga wa manjano ulioua vimelea vya malaria maabarani. Kasoro ilikuwa moja: haukuyeyuka majini, na dawa isiyoyeyuka haifiki kwenye damu.

"Umwage, mwanangu," mkuu wake, Dokta Sengo, alimwambia. "Tutafute mmea mwingine."

"Huu ndio mwanzo wetu, Dokta. Nimeubadilisha kidogo, nimeuunganisha na sukari. Tazama."

Akatia unga mpya kwenye glasi ya maji, akakoroga. Maji yakawa ya manjano, na chini hapakubaki hata chembe.

Dokta Sengo akavua miwani, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Mwanakombo alikuwa ameshaanza kuvaa glavu nyingine, aujaribu unga mpya kwa vimelea.