Kopo la Bi Shemsa

"Kuku wangu hao sita, waliibwa juzi!" Bi Shemsa alimwambia Kibwana, muuza kuku. "Kila asubuhi nikigonga kopo hili huja mbio kula pumba."

Soko zima likasogea. Msimamizi wa soko akafungua tenga, Bi Shemsa akagonga kopo kwa kijiko, ko-ko-ko! Hakuna kuku aliyegeuka. Walikuwa wakidonoa mahindi aliyowamwagia Kibwana dakika ile ile.

"Umeona, mama? Hata hawakujui," Kibwana alicheka.

Bi Shemsa akatabasamu. "Wameshiba tu, mwanangu." Akalifunga tenga, kisha akajibwaga juu ya gunia la mahindi la Kibwana. "Nitasubiri."

Hakuna aliyeondoka. Muuza kahawa alihamishia birika lake pale pale, na watu wakaanza kuwekeana dau. Jua lilifika utosini, likapita. Kuku wakawa wanaparura tenga lisilo na hata punje, na Kibwana hacheki tena.

Msimamizi akafungua tenga. Bila kuinuka guniani, Bi Shemsa akainua kijiko. Kabla hakijagusa kopo, shingo sita zilikuwa zimekwisha kunyooka kumwelekea.