Tarehe Tisa ya Radi Kavu

Asubuhi ya tarehe tisa Agosti, mpiga dramu aliyewahi kutetemesha viwanja vizima alishuka ngazi za nyumba yake kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mkewe alimsubiri chini, mikono kiunoni.

"Utachana suruali, mume wangu, uende redioni na kiraka."

"Bora suruali kuliko shingo," alijibu. "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza."

Watu walimwita Kishindo. Ndiye pekee aliyebaki wa Radi Kavu, bendi ya roki ambayo hata wasioipenda waliijua, na siku hiyo ndiyo aliyoiogopa mwaka mzima. Zamani ilikuwa siku ya heri. Tarehe tisa Agosti walipanda jukwaani mara ya kwanza. Tarehe hiyo hiyo, baadaye, ikatoka albamu iliyowatajirisha. Kisha heri ikageuka. Mwimbaji alianguka kutoka roshani ya hoteli, tarehe tisa Agosti. Mpiga besi alikutwa amekufa maji kwenye beseni la kuogea, tarehe tisa Agosti. Mwaka juzi mpiga gita aliinamia meza ya mgahawa, hakuinuka tena. Tarehe hata haina haja ya kutajwa.

Mashabiki walisema ni laana. Polisi walisema ni bahati mbaya, wakafunga majalada yao. Kishindo hakujua amwamini nani, kwa hiyo alimwogopa kila mtu. Mwaka jana siku hiyo alishinda kitandani akitafuna mkate mkavu. Mlango wa mbele uligongwa, hakufungua. Jua lilipotua alilia kwa furaha.

Mwaka huu alikubali kutoka kwa sababu ya mtangazaji mmoja wa kike, mwenye kipindi cha historia ya muziki. Wasikilizaji walimpa jina la Kumbukumbu, maana hakuna alichosahau. Alimbembeleza Kishindo kwa simu wiki nzima.

"Baba, wapi pana usalama kuliko studio? Getini kuna mlinzi. Ndani hakuna roshani, hakuna bafu. Tutakuwa hewani, nchi nzima inakusikia. Nani atakugusa?"

Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Nenda. Mimi nitawasha redio. Nikikusikia unabwabwaja, nitajua u mzima."

Studio ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zimevikwa sponji. Kumbukumbu alimpokea kwa mikono miwili. Mwanamke mtulivu, sauti yake asali tupu. Kishindo alikagua dari, akakagua nyaya, akatikisa hata miguu ya kiti. Kisha akaomba mlango ufungwe kwa ufunguo.

"Nilishalifikiria hilo," alisema mtangazaji, akaufunga.

"Mbona taa nyekundu haiwaki?" Kishindo alikuwa mkongwe wa studio, na alijua taa ile isipowaka hakuna aliye hewani.

"Imeungua, baba. Mafundi wetu si unawajua, wao ni wa kesho kesho. Wewe zima simu tu, inaingilia mitambo. Chai yako hiyo hapo."

Kishindo aliitia simu mfukoni bila kuizima. Mtangazaji ni mtangazaji, lakini mke ni mke.

Akaanza kusimulia. Loo, mtu yule alipenda kusimulia! Alieleza walivyosafiri nyuma ya lori la mbuzi, na mbuzi mmoja akatafuna ngozi ya dramu. Alieleza mwimbaji wao, simba wa jukwaani, alivyokuwa akitapika kwa woga kabla ya kila onyesho. Kila alipoinua kikombe kisa kingine kilimjia, akakirudisha mezani. Hofu ilimtoka kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaiona siku ile kama siku nyingine yoyote.

"Chai inapoa, baba," alisema mtangazaji.

Walipofika kwa mpiga gita, macho ya Kishindo yalilengwa na machozi. "Alikuwa mdogo wangu yule. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini alikuwa mdogo wangu."

"Na supu yake aliiacha nusu," mtangazaji alisema taratibu. "Alilalamika imezidi chumvi."

Hilo Kishindo hakuwahi kulisoma gazetini. Lakini mtu hapewi jina la Kumbukumbu bure. Akaipuliza chai iliyokwisha kupoa, kwa mazoea tu, akanywa mafunda mawili makubwa. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

"Nilikuwa mtoto nilipowasikia mara ya kwanza," alisema mtangazaji. "Sikuolewa, sikuzaa. Maisha yangu nimeyatoa kwa historia yenu. Nataka ikae sawa."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Kishindo, na alimaanisha.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mkewe. Kishindo aliipokea akitabasamu, ingawa midomo ilikuwa imeingia ganzi.

"Wewe ni nani?" mkewe alipiga kelele. "Mbona una simu ya mume wangu?"

"Ni mimi! Si unanisikia redioni?"

Mkewe akaangua kilio. "Redio imetangaza sasa hivi. Wamesema umeanguka studioni, moyo umesimama... Wanapiga nyimbo zenu za huzuni."

Kishindo alitaka kumjibu, ulimi ukagoma. Mtangazaji aliitazama saa ya ukutani, akajiuma mdomo kwa aibu.

"Nisamehe, baba," alisema. "Kipindi nilikirekodi jana. Nilidhani muda huu utakuwa umeshamaliza chai."