Nane Mara Nne

Ndugu zake Tunu waliahidi kutolifukia kaburi la mama yao mpaka yeye, aliye mbali, amuage kwa video. Lakini intaneti ya kwake ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

“Mtandao haujafa, dada,” fundi Machano akamtania, akifuta namba za DNS, zile zinazoielekeza kompyuta njia mtandaoni. “Kompyuta yako inauliza njia kwa mlevi tu. Tuipe mwingine wa kumuuliza.”

Akaandika nane, mara nne.

“Haya, fungua!”

Video ikafunguka. Simu ya kule ilikuwa imeachwa juu ya kiti, ikitazama tuta jipya la udongo. Wanaume walikuwa wakifuta majembe.

“Mama,” Tunu akasema, “ni mimi. Nimefika.”

Mwanamume mmoja akaacha kufuta, akageuka huku na huku, akitafuta sauti inatokea wapi.