Sanamu ya Baba Zawia

Sheria inasema sauti ya marehemu itasikika nyumbani kwake maadamu sanamu yake imesimama msituni. Sanamu ijengwe kwa vilivyoanguka tu: matawi, magome, mawe, mbegu. Misumari marufuku.

Ya mume wangu niliijenga mwenyewe, na kila jioni sauti yake humlaza binti yetu Zawia kwa hadithi.

Leo nimemkuta mlinzi wa msitu, Bwana Mbwambo, ameikumbatia, anaitikisa.

"Naipima tu, Mama Zawia. Hata upepo ungeitikisa."

"Basi uachie upepo kazi yake! Wewe umeajiriwa kulinda au kuangusha?"

"Wafu wengi, dada yangu. Nafasi hakuna."

"Ya marehemu mkeo mbona huitikisi?"

Nilimsukuma kando, nikayakaza matawi kwa magome.

Jioni, katikati ya hadithi, sauti ilikatika.

"Mama Zawia," ikaniita, "nani yule aliyekuwa ananisukuma?"

Nilimfunga Zawia mgongoni, nikachukua panga, tukatoka kwenda msituni kumlinda baba yake. Nyuma yetu, ndani ya nyumba tupu, hadithi ikaendelea.