Mnunuzi Asiyegonga Chungu

Ariokot alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akashtuka. Kililia vizuri, sauti ndefu na safi. Akakigonga tena. Kile chungu alichokiweka kando akidhani kina ufa kilikuwa kizima. Basi chenye ufa kilikuwa wapi?

Kilikuwa juu ya baiskeli ya Owor, kinavuka mpaka kwenda Kenya.

"Nimekwisha," alisema, naye hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Miaka thelathini alikuwa akifinyanga kule Masinya, na chungu kibovu hakikuwahi kutoka mkononi mwake. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa, na kila mwanamke wa soko la Busia alijua kugonga kabla ya kununua. Owor tu ndiye hakugonga hata siku moja. Alifika kila siku ya soko, akafunga vyungu vyote kwa kamba, akaenda zake.

Lakini angemlaumu vipi? Mnunuzi alikuwa yeye peke yake.

Wengine walichukuliwa na Duka Kubwa. Lilifunguliwa upande wa Kenya muda mfupi baada ya Uhuru, bati jipya, milango mitatu, sufuria zimepangwa hadi darini kwa bei ya kutupa. Sufuria haivunjiki mtoto akiiangusha, na uji wake huiva upesi. Watu ni watu. Wafinyanzi sokoni walikuwa saba, wakabaki wawili, kisha Ariokot. Fundi wa majembe alifunga banda lake. Muuza magadi akarudi kwao Lumino. Upande ule wa soko ukaota majani.

Na Emong, mwanawe wa pekee, akaenda kuajiriwa huko huko dukani.

"Mama, huu udongo unakumaliza," alisema siku ile, amesimama mlangoni na shati lake la kaki lenye kiraka cha buluu kiwikoni, kiraka alichoshonewa na mama yake. "Uache. Mimi nitakulisha."

"Kwa mshahara wa sufuria?" Ariokot alimjibu. "Sitautia mdomoni. Toka! Na usirudi hapa mpaka duka hilo life."

Kijana akatoka. Ulikuwa umepita mwaka sasa, naye hakuwa amerudi. Mama mtu alilia siku tatu huku akikanda udongo, na hakumwambia mtu kwamba analia.

Wiki chache baada ya ugomvi ule ndipo alipotokea Owor na baiskeli yake.

"Mama, bwana yangu kule Kenya nataka vyungu. Yote."

"Yote? Huyo bwana wako ana wake wangapi?"

"Yeye napenda chungu tu, mama." Owor alikuwa ameinama, anakaza kamba. "Na hiyo mguu, imepona?"

Ariokot alisema umepona, ingawa hakukumbuka ni lini alimsimulia habari za mguu wake, ule alioumia zamani kwenye shimo la udongo.

Mguu haukuwa umepona. Wifi yake Amuge, aliyeacha ufinyanzi akalima pamba, alikuwa akimgombeza kila walipokutana. "Wewe nachimba udongo mpaka lini? Mguu nakufa hiyo!"

"Kizuri chajiuza," Ariokot alimjibu. "Vyungu vyangu vimeishinda sufuria huko huko kwao. Acha Emong asikie. Ataona aibu, atarudi nyumbani."

Hilo ndilo lililompeleka bondeni kila alfajiri akichechemea. Alikuwa na hamu ya siku moja tu, siku atakayomwambia mwanawe, "Umeona?" kisha ampakulie chakula.

Sasa ufa mmoja ungeharibu yote. Bwana yule angeinjika maharage, chungu kingepasuka, na soko lijalo Owor asingekuja. Ariokot akajitwika kile chungu kizima, akashika njia.

Jua lilikuwa utosini alipovuka mpaka. Alimuulizia Owor mwenye baiskeli, na anakopeleka vyungu. Walimwelekeza nyuma ya Duka Kubwa, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Alikunja uso, akajifunika shuka hadi puani asije akaonwa na Emong, akapita.

Owor alikuwa nje ya chumba cha mwisho, anafungua kamba. Alipomwona aliruka akaziba mlango kwa mwili wake.

"Mama, usiingie. Bwana iko kazini."

"Sikuja kwa bwana wako. Nimekuja kubadilisha chungu. Kimoja ulichochukua kina ufa."

"Hata hiyo ya ufa natosha, mama."

"Kinatosha kupikia nini? Unataka niitwe mwizi Kenya nzima?"

"Mama, tafadhali. Rudi nyumbani."

Macho ya Owor yalikuwa yamejaa machozi, jambo ambalo Ariokot hakulielewa. Alimsukuma kwa bega, akaingia.

Vyungu vilikuwa vimepandana kuta zote, tangu sakafuni hadi kwenye bati, kila kimoja na alama ya kidole gumba chake shingoni. Katikati palibaki nafasi ya mkeka mmoja. Alikishika kimoja, akakigeuza chini juu. Akageuza kingine, na kingine. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na masizi.

Juu ya mkeka, kwenye msumari, lilining'inia shati la kaki lililochakaa, na kiwikoni kiraka cha buluu.