Koti la Marlys

Asubuhi ya kurudi mjini, Marlys hakuliona koti lake. Alikuwa amelitundika kwenye chumba cha nguo za wote, na pale kwenye shamba la jumuiya, Missouri, kinachotundikwa humo huvaliwa na yeyote.

Alimkuta mkamuaji mzee zizini, amelivaa.

"Kumbe lako, binti? Mbona hukusema! Nilishajiona bwana harusi." Akaanza kufungua vifungo. "Chukua, basi limekaribia. Utaganda huko."

Tangu afike hapa, Marlys hajala peke yake hata siku moja. Mjini hula amesimama, mbele ya friji.

Akakishika kifungo cha juu, kilichonata kwa maziwa, akamfungia tena.

"Ndoo nyingine ya kukamulia iko wapi, mzee?"