Mgeni wa Betri

Wapendwa, siku hiyo sayansi ilitukuka shuleni kwetu. Ililetwa na Bi Tunu, fundi aliyekalia ndoo, akipanga programu ya kuchunga betri ya akiba ya kompyuta. Umeme ukikatika, betri ishike dakika ishirini, ama mkuu wa shule amwite fundi mwingine.

Mkuu akazima umeme. Dakika ya tatu, king'ora cha betri kuisha kikalia.

"Fundi, hii ni betri au njiti ya kiberiti?"

Bi Tunu alikaa, akainuka, akaitazama tena skrini. "Mwalimu, kompyuta moja haili hivi. Kuna mgeni mezani."

Akaufuata waya wa betri mpaka ulipopenya ukutani, akafungua stoo ya upande wa pili.

Nakiri, mgeni nilikuwa mimi. Shati lilikuwa limenyooka mkono mmoja, na pasi niliyoichomeka kwenye waya huo ilikuwa inapoa.